Cheni isiyoonekana: Kelele ndogo inayoweza kuua injini ya boda

NSAMBYA, Kampala

Kabla foleni ya Barabara ya Ggaba haijakaza, kilima cha Nsambya huwa na sauti zake. Kuna misumeno na nyundo za maseremala wanaotengeneza vitanda na sofa kando ya barabara, na kuna honi za teksi. Juu ya zote kuna mngurumo wa boda zinazopandisha wagonjwa na wauguzi kuelekea Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo imekuwa juu ya kilima hicho tangu mwaka 1903.

Katikati ya mngurumo huo hutokea mlio mwingine ambao abiria haujali. Dereva anapoachia mafuta ili ateremke, injini inatoa kwarakwara kavu, kama sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo. Akiongeza mafuta, mlio unapotea. Akisimama kwenye steji na kuiacha injini ikinguruma taratibu, unarudi.

Mwendesha boda huusikia, lakini jioni ana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki, au ana mkopo wa kulipa kila wiki. Siku moja gereji ni siku moja bila chakula cha uhakika nyumbani. Kwa hiyo huendelea kubeba abiria, na mlio huendelea kukua.

Siku atakapoamua kwenda kwa fundi, atakuta majibu matatu yanamsubiri. Fundi wa kwanza atasema ni tapeti, kazi ya dakika chache. Wa pili atasema ni cheni ya taimingi, kazi ya nusu siku na vipuri kadhaa. Wa tatu atasema injini yote ifunguliwe, ibadilishwe pistoni, ringi na beringi za krenki, kazi ya siku nyingi na fedha ambazo vijana wengi hawana. Mlio ni mmoja, bei ni tatu. Anayekosea hapa hulipa mara mbili: akitengeneza kisichoharibika hupoteza fedha, na akiacha kilichoharibika hupoteza injini.

Cheni ipi?

Pikipiki nyingi zina cheni mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua, ni ile ya nje inayotoa nguvu kwenye gia na kuzungusha gurudumu la nyuma. Ya pili haionekani. Imefichwa pembeni mwa silinda, ndani ya oili, ikiunganisha krenki iliyo chini na kemu iliyo juu kwenye hedi.

Kazi yake ni kulinda wakati. Kemu ndiyo inayofungua valvu za kuingiza hewa na petroli na za kutoa moshi. Krenki ikizunguka mara mbili, kemu lazima izunguke mara moja tu, wala isitangulie wala isichelewe. Ndiyo maana gurudumu la meno la juu huwa na meno mara mbili ya lile la chini. Katika injini inayozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, cheni hiyo nyembamba hufanya kazi bila kupumzika kuanzia swichi inapowashwa hadi inapozimwa.

Swali la kwanza, basi, ni kama injini iliyo mbele ya fundi ina cheni hiyo kabisa, kwa sababu si kila injini inayo. Bajaj Boxer kutoka India, iliyoenea mno katika mitaa ya Kampala, ina kemu juu ya hedi na inaendeshwa kwa cheni. Lakini pikipiki nyingi za Kichina za saizi ya 125 na 150 zinazotumika Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo zimefuata muundo wa Honda CG125, uliotoka mwaka 1976. Katika muundo huo kemu iko chini, inazungushwa na gia, na valvu husukumwa na fito ndefu. Hazina cheni ya taimingi. Dereva wa pikipiki ya aina hiyo akiambiwa cheni yake ya ndani imelegea, ajue kwamba anauziwa kipuri ambacho injini yake haijawahi kuwa nacho.

Kwa nini inarefuka

Mafundi husema cheni imevutika, kana kwamba chuma kimenyooka kama mpira. Kinachotokea hasa ni kwamba pini na matundu ya kila kiungo husuguana na kulika kidogo kidogo. Kiungo kimoja kikilika hakuna atakayeona. Shida ni kwamba viungo ni vingi.

Chukua mfano wa cheni yenye viungo 90. Kila kiungo kikilika kwa milimita 0.06, unene unaokaribia ule wa unywele, cheni nzima inakuwa imerefuka kwa zaidi ya milimita tano. Ikiwa takriban viungo 35 viko upande unaovutwa na krenki, upande huo pekee umeongezeka milimita mbili. Kwenye gurudumu la kemu lenye meno 32, hizo milimita mbili zinatosha kuichelewesha kemu kwa kiasi cha theluthi ya jino. Ukipima kwenye krenki, ni takriban digrii saba.

Kuchelewa huko ndiko kunakoonekana kwanza mlimani. Valvu ya kuingiza hewa ikichelewa kufunga, pistoni inayopanda hurudisha sehemu ya hewa ilikotoka. Katika mwendo wa taratibu injini inakosa nguvu. Pikipiki iliyokuwa ikipanda Nsambya na abiria kwa gia ya tatu sasa inaomba ya pili. Dereva hulaumu kabureta, kisha petroli, kisha plagi, na huenda vyote vitatu ni vizima.

Kinachoharakisha kulika huko ni oili. Katika pikipiki nyingi ndogo, oili ile ile, takriban lita moja tu, ndiyo inayolainisha krenki, pistoni, klachi, gia na cheni. Ikikaa muda mrefu hujaa vumbi la chuma na hugeuka kuwa kitu kinachosaga badala ya kulainisha. Injini iliyozeeka huila oili pia, kwa hiyo dereva asiyechungulia kijiti cha kupimia anaweza kutembea wiki nzima na nusu ya kiwango. Ndiyo sababu fundi makini hagusi spana yoyote kabla ya kuangalia oili. Ikiwa imepungua, huongeza hadi kiwango na kusikiliza upya. Kuna kelele zinazoishia hapo.

Sikio kabla ya spana

Hatua inayofuata ni kusikiliza, na hapa fundi mzuri hutofautiana na mbabaishaji. Bisibisi ndefu inatosha: ncha inawekwa kwenye chuma cha injini, mpini unawekwa sikioni. Wengine hutumia kipande cha mpira wa maji. Lililo muhimu ni kuhama kutoka sehemu moja hadi nyingine, mbali na kitu chochote kinachozunguka, hadi mahali ambapo mlio ni mkali kuliko kwingine.

Tapeti hugonga kwa mpangilio, tik-tik-tik, na mlio wake uko juu kabisa kwenye kifuniko cha valvu. Ukiongeza mwendo, midundo huongezeka kwa utaratibu ule ule.

Cheni haina mpangilio huo. Hukwaruza na kutapatapa, na mlio wake uko pembeni mwa silinda, upande ule ambao cheni inapita. Husikika zaidi injini ikinguruma taratibu, na zaidi tena pale mafuta yanapoachiwa ghafla, kwa kuwa wakati huo mvuto unalegea na cheni inapiga kuta za njia yake.

Pistoni iliyolegea hugonga zaidi injini ikiwa baridi, kisha hutulia ikipata moto. Beringi ya chini ya mkono wa pistoni ina mlio mzito, wa ndani, unaozidi injini inapobebeshwa mzigo. Mlio wa aina hiyo ni wa kuzima injini papo hapo, si wa kuendelea kujaribu.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho dereva anaweza kukifanya akiwa bado steji. Avute mkono wa klachi. Mlio ukibadilika au ukatoweka, mshukiwa ni klachi, na cheni iachwe kwanza. Aangalie pia bati la ekzosi na nati zilizolegea. Si mara moja injini imefunguliwa kwa sababu ya skrubu iliyokuwa nje.

Tapeti kwanza

Hata pale sikio linaposema ni cheni, tapeti hupimwa kwanza, kwa sababu ni kazi ndogo na huondoa mshukiwa mmoja. Hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa. Pistoni hupandishwa juu hadi alama ya T kwenye magneto ilingane na alama ya kwenye kava.

Hapa wanafunzi wengi hukosea. Pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi: mara moja ikiwa imebana hewa, na mara nyingine ikiwa inatoa moshi. Tapeti hupimwa mara ile ya kwanza, pale ambapo valvu zote mbili zimefungwa na tapeti zote zina mchezo kidogo zikishikwa kwa vidole. Nafasi inayotakiwa ni sehemu chache tu za mia za milimita, na kila injini ina kipimo chake kilichoandikwa na kiwanda. Hupimwa kwa geji. Kukadiria kwa jicho kumeunguza valvu nyingi, kwa sababu tapeti iliyobana sana huiacha valvu wazi kidogo, na moto ukapita hapo.

Tapeti zikiwa sawa na mlio bado upo, ushahidi dhidi ya cheni umeongezeka. Kwa wenye geji ya kompresheni, kipimo hicho husaidia lakini hakitoshi peke yake. Kompresheni hushuka kwa ringi zilizolika, kwa valvu zisizofunga, na pia kwa kemu iliyochelewa. Fundi akimimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kipimo kikapanda sana, aanze kushuku ringi. Kisipopanda, macho yarudi kwenye hedi.

Alama hazina upendeleo

Ushahidi mkubwa uko kwenye alama. Kiwanda huweka alama mbili: moja kwenye magneto, nyingine kwenye gurudumu la meno la kemu. Ya chini ikilingana na kava, ya juu nayo lazima ilingane na alama ya kwenye hedi.

Namna ya kuisoma ina masharti. Krenki huzungushwa kuelekea upande ule ule ambao injini huzungukia, ili upande wa cheni unaovuta uwe umekaza. Fundi akipitiliza alama hata kidogo, asirudishe nyuma. Azungushe tena mizunguko miwili kamili na kusimama mahali panapotakiwa. Akirudisha nyuma, ulegevu huhamia upande mwingine na alama inasema uongo.

Kisha ataona moja ya mambo matatu. Alama zikilingana, cheni bado inalinda wakati wake, na chanzo cha kelele kitafutwe kwenye tenshena au kwingine. Alama ya kemu ikiwa imebaki nyuma kwa sehemu ya jino, theluthi au nusu, cheni imelika. Ikiwa imepishana kwa jino zima, hilo ni jambo jingine: ama cheni imeruka, ama aliyefunga injini mara ya mwisho aliifunga vibaya. Jino moja kati ya 32 ni digrii 11 na robo kwenye kemu, sawa na digrii 22 na nusu kwenye krenki. Injini inaweza kuwaka ikiwa hivyo, lakini haiwezi kuvuta ipasavyo.

Ndiyo maana historia ya pikipiki ina thamani kama geji. Ilifunguliwa lini? Na nani? Mlio ulianza kabla au baada? Pikipiki iliyopita mikononi mwa madereva watatu mara nyingi haina wa kujibu, na fundi anabaki na alama peke yake.

Tenshena ina ujumbe wake

Nyuma ya silinda, au chini yake, kuna kifaa kinachoisukuma cheni ili isilegee. Hiyo ndiyo tenshena. Katika baadhi ya injini hujirekebisha yenyewe kwa springi na meno yasiyorudi nyuma, katika nyingine hurekebishwa kwa boliti. Kadiri cheni inavyorefuka, ndivyo ulimi wa tenshena unavyotoka nje zaidi.

Kwa hiyo tenshena ni kama rula. Ikitolewa na ulimi wake ukakutwa umefika karibu na mwisho, hakuna tena urefu wa kufidia, na cheni na raba zake zimekwisha. Ulimi ukiwa umekwama njiani, huenda cheni ni nzima na tenshena ndiyo imekufa. Tofauti hiyo ni kipuri kimoja dhidi ya seti nzima.

Tahadhari ni mbili. Injini isizungushwe tenshena ikiwa nje, maana cheni iliyolegea huruka meno. Na tenshena inayojirekebisha isirudishwe ulimi wake ukiwa umetoka. Lazima urudishwe ndani kwanza, boliti zifungwe, ndipo uachiwe. Akiifunga kwa nguvu ulimi ukiwa nje, cheni hukazwa kupita kiasi, huanza kulia kama filimbi, na raba mpya huliwa upesi.

Ushahidi wa mwisho uko chini. Oili ikimwagwa kwenye chombo safi, vipande vyeusi vya raba au plastiki kwenye chujio ni mabaki ya raba za cheni. Vumbi la chuma linalong'aa kwa wingi ni habari mbaya zaidi.

Ikiachwa

Cheni iliyolegea haikai kimya. Hukata raba, kisha huanza kusugua alumini ya kuta za silinda. Siku moja, mara nyingi wakati wa kuwasha au kuachia mafuta ghafla, huruka meno kadhaa au hukatika. Kemu husimama lakini krenki bado inazunguka. Katika injini ambazo nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo, pistoni hupanda na kuikuta valvu iko wazi. Valvu hupinda, pistoni hutoboka, na injini huzimika hapo hapo, pengine katikati ya magari na abiria akiwa nyuma. Kazi ya nusu siku inakuwa injini nyingine.

Ndiyo sababu inapofika wakati wa kubadilisha, hubadilishwa seti: cheni, raba zake, na tenshena ikiwa imechoka. Meno ya magurudumu yote mawili hukaguliwa. Yakiwa yamepinda kama ndoano, cheni mpya juu yake haitadumu. Katika soko la Kisekka na maduka mengine ya vipuri jijini, bei ndogo huvutia, lakini vipuri bandia vipo, na cheni laini itarudisha mlio ule ule kabla mkopo wa kuinunua haujaisha. Mnunuzi aende na cheni ya zamani mkononi, ahesabu viungo, na alinganishe.

Lugha moja ya gereji

Neno boda lenyewe lilianzia mpakani Busia, kati ya Uganda na Kenya, katika miaka ya 1960, pale baiskeli zilipokuwa zikivusha watu kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Leo neno hilo linajulikana kutoka Kampala hadi pwani. Vipuri navyo vimefuata njia hiyo hiyo, na maneno yake pia: fundi, gereji, plagi, tapeti, cheni.

Nsambya inalijua jambo hilo kuliko mitaa mingi ya Kampala. Hapa palikuwa na nyumba za wafanyakazi wa reli, enzi ambazo Reli ya Afrika Mashariki ilikuwa mali ya Jumuiya hadi ilipovunjika mwaka 1977, na hapa pana kambi ya polisi. Kwa wanareli na askari, Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi muda mrefu kabla Katiba ya Uganda haijakitaja kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na kabla Baraza la Mawaziri halijaidhinisha mwaka 2022 kiwe somo la lazima shuleni.

Kwa kijana anayejifunza ufundi kando ya barabara, faida yake iko wazi. Kitabu cha kiwanda kimeandikwa Kiingereza, na mwalimu wake huzungumza Kiganda. Lakini boda iliyovuka kutoka Kisumu au Bukoba huja na dereva anayeeleza mlio wa injini yake kwa Kiswahili, na fundi asiyemwelewa amepoteza nusu ya uchunguzi.

Kazi ikiisha, kipimo cha mwisho ni kile kile kilichomleta dereva. Kabla ya kuwasha, krenki huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigoma mahali popote, isilazimishwe, alama zirudiwe. Ikizunguka vizuri, injini huwashwa, huachwa ipate moto, mafuta huongezwa na kuachiwa ghafla. Dereva mwenyewe ndiye asikilize, kwa sababu ndiye aliyeishi na mlio ule. Kukiwa kimya, hulipa na kurudi steji. Na kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, achungulie kijiti cha oili. Ni kazi ya nusu dakika.